Sauti ya Daktari Haikushuka

Karonga, 9 Mei 1910

Dada yangu Tusekile,

Ugonile? Nami nimeamka salama, pamoja na ugali wangu wa mahindi, ambao huku wanaula kila siku kana kwamba Mungu hakuumba ndizi. Msalimie shemeji Eliya, wabusu watoto, na mama mwambie mwanawe Hezroni bado ana meno yote. Nimesikia kwa Zebedayo mvushaji kwamba mto Songwe ulifurika mpaka kwenye mpunga wenu wa Ngana. Poleni sana. Huku maji yalichukua jiko la hospitali ya misheni, tukapika barazani kwa Daktari juma zima.

Kazi yangu ni ile ile. Asubuhi nasimama kando ya Daktari, nageuza maneno ya wagonjwa kuwa Kiingereza, na maneno yake nayageuza kuwa Kinyakyusa. Alasiri nakaa darasani. Amekuja bibi mwalimu mpya kutoka Ulaya, mwembamba, ana kikohozi, na hafundishi maneno. Anasema maneno tunayo ya kutosha, tulichokosa ni sauti. Nitakueleza siku nyingine.

Sasa neno lenyewe. Mwezi uliopita Daktari alimfungua macho mzee mmoja wa upande wenu, mtu wa Ndandalo. Alikuwa kipofu kama mama, ukungu ule ule mweupe katikati ya jicho. Daktari aliuondoa kwa kisu chembamba. Mzee akalala na kitambaa usoni, na kilipofunguliwa alinitazama akaniambia nguo yangu ina tundu. Ni kweli lilikuwapo. Nikamweleza Daktari habari za mama. Alinijibu hivi, naandika kama alivyosema: "Mlete. Ukungu huo nauweza. Nitaanza na jicho moja, kisha la pili. Ataona."

Lakini iwe kabla ya mvua. Mwezi wa kumi meli inamchukua Daktari kwenda kwao kupumzika, na hakuna ajuaye atakayekuja badala yake atafika lini. Fanyeni shauri.

Mdogo wako,
Hezroni


Ngana, 2 Juni 1910

Hezroni mdogo wangu,

Ndaga, nashukuru kwa barua. Usiutukane ugali wa watu. Zebedayo ametuambia umenenepa mashavu. Naandika Kiswahili changu cha shule ya Wajerumani, uvumilie, maana Kinyakyusa chako nasikia kimekwisha kuchanganyika na cha Wangonde wa huko na sitaki tugombane kwa lugha mbili. Watoto hawajambo. Naomi anaota jino na nyumba nzima inajua. Ng'ombe wa Eliya amezaa dume, naye Eliya anatembea kijijini kana kwamba amezaa mwenyewe.

Mama yupo. Ndizi anamenya bila msaada, mkeka anasuka. Juzi alisikia kitu mlangoni, akakikaribisha kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani na za watoto. Alikuwa mbuzi wa jirani. Tulicheka, naye akacheka nasi, kisha akarudi kusuka mkeka wake. Mimi kicheko kilinitoka vibaya.

Barua yako nilimsomea. Aliponisikiliza akauliza, "Alisemaje?" Nikamsomea tena. Akasema, "Hayo ni maneno. Nauliza, alisemaje?" Nikamwambia, mama, barua ni maneno, hakuna kingine ndani yake. Akakasirika. Tangu macho yafe anawajua watu kwa sauti tu. Eliya akitaka kusema uongo, mama anajua kabla hajafika kwenye uongo wenyewe. Anasema mtu anayejua atakalolifanya sauti yake hutua, na asiyejua sauti yake huelea. Hatalala chini ya kisu cha mgeni kwa ajili ya maneno ya karatasi. Niliona ni upuuzi wa kizee, lakini yeye ndiye mwenye macho.

Basi tuambie. Daktari alisema kwa sauti gani? Ukisema imetua, tunakuja. Eliya amekwisha kata mianzi ya machela, na wenzake wa rika wamekubali kubeba.

Dada yako,
Tusekile


Karonga, 11 Julai 1910

Dada Tusekile,

Barua yako imefika imelowa. Zebedayo anasema mtumbwi unavuja, mimi nasema ni pombe. Mimi ni mzima. Hongera kwa shemeji na dume lake. Mbuzi wa jirani mpe salamu zangu, maadam mama amemkubali kuwa mgeni wa nyumba.

Swali la mama si upuuzi. Limenigonga, kwa sababu ndilo tunalofundishwa kila alasiri. Nitaeleza taratibu, nawe umsomee taratibu.

Bibi mwalimu anasema Mwingereza hasemi kwa mkupuo mmoja. Huukata usemi wake vipande, na kila kipande kina njia yake ya sauti. Bibi huzichora njia hizo kwa chaki juu ya maneno, hii inapanda, hii inashuka. Lakini, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, njia hizo hazikai kila moja peke yake. Zinatazamana. Kipande cha kwanza kikiishia juu, maana yake ngoja, kuna kingine nyuma. Cha pili kikishuka mpaka chini, maana yake nimemaliza, sema wewe. "Mvua ikinyesha," sauti juu; "sitakuja," sauti chini. Ukivishusha vyote viwili umesema mambo mawili yasiyojuana. Vivyo hivyo dukani. Ukitaja sukari, sabuni, chumvi, unapandisha, unapandisha, halafu kwenye chumvi unashusha. Ukipandisha hata kwenye chumvi, mwenye duka atabaki anakukodolea macho akingoja kitu cha nne.

Tena vipande vya jambo moja huteremka pamoja. Ni kama mtu anayetoka milimani Rungwe kuja ziwani: anapanda kilima, anashuka, anapanda kingine, ila kila kilima ni kifupi kuliko cha nyuma, mpaka anakanyaga mchanga. Akianza jambo jipya, sauti inarudi juu upya. Kwa hiyo msikilizaji anajua kama habari ni ile ile au nyingine kabla hajashika neno hata moja. Na ipo sauti moja ya kuogopa. Inashuka, kisha mwishoni inainuka kidogo. Hiyo ina "lakini" tumboni ambayo mwenyewe hataki kuitoa. Mpishi wetu akiulizwa kama nyama ni nzuri, akajibu "nzuri" kwa sauti hiyo, mimi nakula maharage.

Yakobo, mwenzangu wa darasani, alisoma ukurasa mzima akishusha kila kipande. Bibi mwalimu akamwambia, "Yakobo, unatupa mawe mtoni." Mimi alinisifu mbele ya wote.

Sasa Daktari. Nilikaa nikamkumbuka, kisha juzi nikamtajia tena kwamba huenda mama akaja, ili nimsikilize vizuri. Maneno yalikuwa yale yale. Sauti haikushuka. "Mlete," juu. "Ukungu huo nauweza," juu. "Ataona," juu, ikabaki huko huko. Nikangoja kipande cha mwisho kinachoshuka. Hakikuja. Daktari akaenda kunawa mikono.

Sijui anaficha nini, wala si kazi yangu kubuni. Nasema nilichosikia. Kwa kanuni tuliyofundishwa, mtu anayeishia hivyo amebakiza neno. Ningekuwa mama, ningengoja.

Mdogo wako,
Hezroni


Ngana, 20 Agosti 1910

Hezroni,

Tupo. Mpunga umeingia ghalani, panya nao wameingia. Eliya anakusalimu huku amenuna, na sababu utaiona.

Nilimsomea mama yote, na vilima vyako na chumvi yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale pa Daktari. Kisha akasema, "Basi. Mwanangu amesikia vizuri." Akaingia ndani. Rika la Eliya walikuwa wamekwisha kufika kubeba, wakala ndizi zetu, wakarudi kwao. Mianzi ya machela Eliya ameifanya uzio wa kuku.

Juma lililopita mama alitaka kusogeza kuni jikoni, akaweka kiganja kizima juu ya kaa la moto. Mkono wa kulia. Nimeupaka asali, umevimba. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani, ikamwangukia Naomi aliyekuwa amekaa anakula udongo wake kwa amani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika ulivyosikia, ulivyongoja, alivyonawa mikono. Kuna kitu sikioni. Ulimuuliza? Mtu akibakiza neno, si unamwambia, "Na neno lako lililobaki ni lipi?" Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Nijibu hili, hata salamu usiandike.

Tusekile


Karonga, 14 Septemba 1910

Dada mpenzi,

Pole kwa mkono wa mama. Nimempa Zebedayo dawa ya kupaka, iko katika kikopo chekundu, mwambieni mama si ya kula. Huku joto limeanza. Kungu wametokea ziwani, wale wadudu wanaopanda angani kama moshi, tumewakamata kwa vikapu na kuwaoka mikate. Ndicho chakula cha huku kinachonikumbusha nyumbani.

Jumapili ijayo nitasoma kanisani kwa Kiingereza. Bibi mwalimu amenichagua mimi, Yakobo amekasirika. Kikohozi cha bibi hakijapona. Daktari ameanza kufunga vitabu vyake masandukuni, na kila akifunga kimoja anakifungua asome kidogo, kwa hiyo kazi haiendi.

Meli imetia nanga kwa matengenezo. Fundi wake wa mitambo, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, amekuja hospitalini na kidole kilichopondeka. Kiingereza chake kinanisumbua.

Swali lako nimelisoma. Leo nimechoka.

Hezroni


Karonga, 17 Septemba 1910

Dada,

Mleteni mama. Ukiisha kusoma mstari huu mwite Eliya, kisha ndipo usome uliobaki.

Yule fundi wa meli, kila kipande anachosema kinaishia juu. Nilimwuliza kama amekula. "Nimekula," juu. Kidole kinauma? "Kinauma sana," juu. Nikasema moyoni, huyu anaficha mengi kuliko Daktari. Ndipo akaingia Daktari mwenyewe, wakaanza kuzungumza. Mwenzangu, walikuwa wanapanda wote wawili, huyu juu, yule juu, na wanaelewana! Kila mmoja anajua mwenzake amemaliza wapi, hakuna anayemkatiza mwingine, hakuna anayengoja. Wakacheka, wakapeana tumbaku. Ni watu wa mji mmoja, mji wa kuunda meli, kaskazini ya nchi yao.

Nikaenda mbio kwa bibi mwalimu. Alicheka mpaka akakohoa. Yeye ni mtu wa kusini. Anasema kusini humaliza chini kama alivyotufundisha, lakini watu wa mji ule humaliza juu, ndivyo walivyozaliwa, na wakiwa na hakika kabisa ndipo wanapopanda zaidi. Hakufikiri kutuambia, kwa sababu hakujua kwamba kuna mtu anampima Daktari kwa chaki yake.

Uliuliza kama nilimuuliza. Sikumuuliza. Unajua kwetu: mkubwa akiisha kusema unainama, unasema ndaga, unaondoka. Kumwuliza tena ni kumwambia hajui kusema. Basi leo nimemuuliza. Nilisimama mlangoni pake nikamwambia, "Bwana, ni neno gani umelibakiza juu ya macho ya mama yangu?" Alinitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa wa homa. Akasema hakubakiza neno, tangu mwezi wa tano anamngoja, akaniuliza kwa nini hajaja. Nikaja moja kwa moja kuandika barua hii.

Meli itaondoka mwanzoni mwa mwezi. Kati ya jicho la kwanza na la pili mgonjwa lazima alale majuma mawili. Msikae kupika chakula cha njiani. Nitawapikia mimi.

Hezroni


Ngana, 28 Novemba 1910

Hezroni mdogo wangu,

Ndaga fijo kwa kumtunza mama na kwa kumrudisha kwa machela ya misheni, ambayo Eliya anasema ina mto wa kulalia kichwa. Amekwisha kusimulia kijiji kizima habari za mto huo. Mvua imeanza kunyesha, tumepanda, Naomi amepata jino la pili na la tatu.

Mama amefika akiona. Jicho la kulia ni safi. Aliniangalia nikiwa mlangoni, akanisogelea, akasema, "Tusekile, umezeeka." Nikamjibu, "Na wewe je?" Tukashikana pale mlangoni, sitaki kuandika tulivyofanya. Tangu hapo anazunguka akitazama kila kitu na kukikosoa. Nyasi za paa, ushonaji wangu, pua ya Eliya. Amemwona hata mbuzi wa jirani, hawasalimiani tena.

Yaliyotuchelewesha unayajua nusu tu, nami nakuandikia nusu iliyobaki. Barua yako ya haraka haikuwa na haraka. Zebedayo aliipokea, akapata habari ya msiba wa shemeji yake huko Mwaya, akaichomeka barua kwenye paa la nyumba yake, akaenda kuzika. Huko akalala matanga. Alipotuletea, Eliya aling'oa uzio wa kuku siku hiyo hiyo, kuku wakatawanyika, machela ikafungwa upya, wakaondoka bila kunywa maji. Wakati Daktari alipofanya jicho la kulia, meli ilikuwa inapakia kuni. La kushoto akaliacha kama lilivyo. Hayo uliyaona mwenyewe.

Nilimwuliza mama, sauti ya Daktari uliisikiaje ulipokuwa umelala pale? Akasema inapanda, inapanda, hata ukitamani kumwambia ashuke apumzike. Nikamwuliza, hukuogopa? Akasema, "Alinishika kichwa. Mkono wake ulikuwa umetulia."

Nilikukasirikia, Hezroni. Sasa imebaki kidogo, sisemi imekwisha. Jicho la kushoto limeanza kuwa jekundu na kichwa kinamuuma upande huo. Anasema ni moshi wa jikoni. Mengine siyaandiki, maana mama ameketi hapa mbele yangu anatazama kalamu inavyokwenda, na ingawa hajui kusoma simwamini.

Daktari mpya akifika, usingoje kusikiliza kitu. Tuite.

Dada yako,
Tusekile


Karonga, 6 Machi 1911

Dada Tusekile,

Salamu kwenu nyote. Mvua kubwa, homa nyingi, mimi nilipata kidogo ikapita. Bibi mwalimu amehamishiwa milimani kwa ajili ya kifua chake, na darasa sasa nalishika mimi. Nachora njia za sauti kama yeye, ila mwanzoni kabisa nawaambia wanafunzi, "Hii ni ya kusini."

Daktari mpya hajafika. Wanasema yuko njiani, na mto wa Shire anaoupitia kuja ziwani hauna maji ya kutosha kwa mashua. Mimi naona mvua hii na nashangaa maji yanakwenda wapi. Kila mtu anayeshuka melini nakwenda kumtazama. Jicho la mama likoje? Hujaniandikia miezi mitatu.

Hezroni


Ngana, 30 Aprili 1911

Hezroni,

Sote tu wazima. Mpunga ni mzuri. Umeuliza jicho. Wekundu umeondoka, na maumivu nayo yamekwisha. Eliya anafurahi, anasema limepona lenyewe. Mimi sijafurahi. Zamani, kabla ya kisu, mama alikuwa akikaa mlangoni anageuza upande wa kushoto wa uso wake kwenye jua na kusema, "Leo kuna jua." Sasa ukimfunika la kulia, upande huo wa kushoto haugeuzi popote.

Huyo Daktari yuko wapi?

Tusekile


Karonga, 3 Agosti 1911

Dada Tusekile,

Mama na shemeji Eliya wameondoka leo alfajiri, watalala njiani, Kaporo. Barua hii nampa mtu wa misheni mwenye baiskeli anayekwenda Songwe, ili ikutangulie. Safari hii Zebedayo hataigusa. Mama ana afya, anakula, amewakosoa wauguzi wote. Watoto nimewatumia kitambaa, usimpe Eliya akashona mto.

Daktari mpya ni kijana, ni mtu wa kusini kama bibi mwalimu, nilimwuliza siku ya kwanza tu aliposhuka melini. Jana alimpima mama. Alimfunika jicho la kulia, akawasha mshumaa, akaupeleka mbele ya la kushoto, akaniambia nimwulize mwanga uko wapi. Mama akaelekeza kidole pale alipousikia mguu wa Daktari. Ilikuwa sawasawa, nami nikafurahi kama mjinga. Daktari akavua viatu. Akahamia upande wa pili bila kishindo, akauinua mshumaa. Mama akaelekeza kidole pale pale pa kwanza.

Alijaribu tena juu, na chini, na karibu mpaka nikaogopa nyusi zake zitaungua. Kisha akauzima. Alisema kwa vipande, nami nikavifuata kimoja kimoja. "La kulia ni zima," juu. "La kushoto," juu, "kama lingefunguliwa mwaka jana," juu. "Sasa mwanga hauingii tena." Hapo sauti ilishuka. Ilishuka mpaka chini, ikatua.

Nilimuuliza tena. Palikuwa na wagonjwa, palikuwa na wauguzi, sikujali nani ananiona sina adabu. Nikamwambia, "Bwana, hakuna neno ulilobakiza? Hakuna dawa, hakuna mahali pengine?" Akanijibu tena kwa upole, kwa vipande vichache zaidi, na vyote vilishuka. Nikamuuliza mara ya tatu. Akasema, "Hapana," akaniwekea mkono begani.

Nikageuka ili nimfasirie mama. Hiyo ndiyo kazi yangu, sijafanya nyingine tangu nije hapa. Kabla sijafungua kinywa, mama alikuwa amesimama, anajifunga nguo yake. Akainama kidogo, akasema, "Ndaga fijo, Daktari." Kisha akamwita Eliya amshike upande wa kushoto, wakatoka.

Nililia, dada. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka mpishi akaondoka kwa aibu. Baadaye Eliya alinivuta kando akaniuliza Daktari anasemaje, nikamwambia atafikiri zaidi. Yeye anayaamini hayo mpaka sasa, na njiani atakuwa anamtia mama moyo. Tafadhali mwambie Eliya wewe, mimi nimeshindwa. Mama usimwambie kitu, yeye alikwisha kusikia.

Mdogo wako,
Hezroni